Kinachorudi Shambani: Historia ya Mzunguko wa Mali katika Nchi ya Chai ya Kericho na Bomet

Katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho na Bomet mna mabaka madogo ya ardhi ambayo mchai hukataa kustawi juu yake: majani hugeuka manjano, mizizi hudumaa, ilhali kichaka kilicho hatua chache tu kando yake hunawiri. Watafiti wa chai walipoupima udongo wa mabaka ya namna hiyo waligundua kwamba ni mahame, yaani mahali palipokuwa na nyumba na mazizi ya Wakipsigis kabla ya mashamba hayo kuwapo, ambapo majivu ya mekoni na samadi ya ng'ombe vilirundikana miaka mingi hadi vikauondolea udongo asidi yake. Mchai hupenda udongo wenye asidi, ambao kipimo chake cha pH ni kati ya 4.5 na 5.6 hivi, na kwa hiyo ardhi iliyorutubishwa na maisha ya watu na mifugo ikawa maradhi kwa zao jipya, ikabidi itiwe salfa ili asidi irejee.

Mahame hayo ni hati ya historia iliyoandikwa udongoni, na hati hiyo inahusu jambo ambalo wataalamu wa siku hizi huliita uchumi wa mzunguko. Kwa istilahi hiyo hukusudiwa mpango wa kuzalisha na kutumia ambamo mali ghafi, maji, nishati na bidhaa hubaki katika matumizi kwa muda mrefu kadiri inavyowezekana, na kinachosalia hurudishwa kuwa chakula cha uzalishaji mwingine. Kinyume chake ni uchumi wa mstari, ambamo mali huchimbwa au huvunwa, hutumiwa mara moja, kisha hutupwa. Fikra hiyo ilipata sura yake ya kitaaluma katika nusu ya pili ya karne ya 20: mwaka 1966 mwanauchumi Kenneth Boulding aliifananisha dunia na chombo cha angani ambacho abiria wake hawana ghala jingine wala jaa jingine, na mwaka 1976 Walter Stahel na Geneviève Reday waliiandikia Tume ya Ulaya ripoti iliyoeleza kwamba kukarabati na kurefusha maisha ya bidhaa huokoa nishati na huzalisha ajira. Hata hivyo, nchi ya chai ina historia yake ya mizunguko iliyotangulia istilahi hizo. Historia hiyo inafundisha kwamba mzunguko hupimwa kwa kile kinachorudi shambani, na kwamba kurudisha kunahitaji elimu ya mahali pa kurudisha.

Boma, wimbi na kibuyu

Kabla ya chai, uchumi wa Wakipsigis ulisimama juu ya ng'ombe na wimbi, na ardhi ilitumiwa kwa utaratibu wa ujirani uliosimamiwa na kokwet, yaani jumuiya ya kaya za mahali pamoja zilizosaidiana kulima, kulisha mifugo na kuamua migogoro. Msitu mdogo ulifyekwa, ukachomwa, wimbi likapandwa katika majivu, na baada ya misimu kadhaa shamba liliachwa lipumzike huku likigeuka malisho, ng'ombe wakila kilichoota na kukirudisha kama samadi. Nyumba za miti, udongo na nyasi zilipochakaa ziliachwa zioze pale pale, na familia ikajenga mahali pengine. Kila kitu kilichoingia katika boma hatimaye kilikuwa udongo, na ndiyo maana mahame yalibaki na rutuba ya aina yake iliyokuja kugunduliwa na wapandaji wa chai kama dosari.

Vyombo vya nyumbani vilifuata kanuni hiyohiyo. Kibuyu cha maziwa, ambacho Wakipsigis hukiita sotet, kilioteshwa bustanini, kikakaushwa, kikasuguliwa ndani kwa makaa ya mti wa senetwet, ambao wanasayansi huuita Senna didymobotrya, kisha kikatiwa maziwa yaliyogeuka mursik. Makaa hayo huipa mursik rangi na ladha yake na huyafanya maziwa yadumu, kwa hiyo mti mmoja wa kichakani ulifanya kazi ya dawa ya kusafishia na ya kuhifadhia chakula kwa pamoja. Kibuyu kilichopata ufa kilishonwa na kuendelea kutumika, na kilichovunjika kabisa hakikuacha taka yoyote isiyooza. Maneno ya Stahel na Reday kuhusu kurefusha maisha ya bidhaa, ambayo Ulaya ya mwaka 1976 iliyapokea kama nadharia, katika vilima hivi yalikuwa desturi ya jikoni.

Hata hivyo, haifai kuupamba mzunguko huo kupita kiasi. Uliwezekana kwa sababu ardhi ilikuwa pana kuliko watu waliokuwa wakiitumia, na shamba lililochoka liliweza kuachwa. Upana huo ndio uliotoweka kwanza.

Mstari kutoka Kericho hadi ng'ambo

Mche wa chai uliletwa Kenya kutoka India mwaka 1903, ukapandwa Limuru na G. W. L. Caine, lakini kwa takribani miaka 20 ulibaki kitu cha majaribio. Huko Kericho ardhi ilikuwa tayari imeanza kutwaliwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya walowezi, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ekari 25,000 zilitengewa mradi wa maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani, ambao walitarajia kutajirika kwa kilimo cha kitani, mmea wa nyuzi za kufumia nguo. Bei ya kitani ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1920, mradi huo ulisambaratika, na katikati ya muongo huo kampuni mbili za Uingereza, Brooke Bond na James Finlay, zilijipatia ardhi Kericho na kuanza kupanda chai kwa kiwango kikubwa. Wakipsigis waliondolewa katika sehemu ya nchi yao au kugeuzwa vibarua juu yake, na mwaka 1934 ukoo wa Talai, ambao viongozi wake wa kidini waliogopwa na serikali, ulihamishwa kwa nguvu ya sheria hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria.

Zao lililochukua nafasi ya wimbi na malisho lilikuwa na tabia tofauti kabisa. Mchai hauachwi upumzike, kwani kichaka kimoja huweza kuchumwa kwa miongo mingi. Na kinachochumwa, yaani majani mawili na chipukizi, ndiyo sehemu ya mmea yenye virutubisho vingi zaidi. Takribani kilo nne na nusu za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai iliyokaushwa, na katika kila tani ya chai hiyo mna nitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani, ya takribani kilo 40. Chai iliposafirishwa hadi stesheni ya reli ya Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion, kisha hadi Mombasa na ng'ambo, nitrojeni hiyo iliondoka pamoja nayo, na makapi ya birika yakaishia katika jaa la mji wa mbali. Huo ndio uchumi wa mstari katika sura yake iliyo wazi kabisa: rutuba ya mlima mmoja ikisafiri upande mmoja tu, bila njia ya kurudi.

Hata kasha lililobeba chai lilikuwa na safari ya namna hiyo. Kwa miongo mingi chai ilifungwa katika makasha ya mbao nyembamba yaliyotandazwa karatasi ya metali kwa ndani, na makasha hayo, yakiisha kumwagwa chai, yalipata maisha ya pili kwa wanunuzi wa Uingereza, ambao waliyatumia kuhamishia vyombo vya nyumbani. Mti uliokatwa kwa ajili ya kasha ulizunguka, lakini ulizunguka huko ulikofika. Makasha hayo baadaye yaliachia nafasi magunia ya karatasi ya tabaka kadhaa, yaliyo mepesi kusafirisha.

Mizunguko iliyozaliwa na gharama

Ndani ya mashamba makubwa yenyewe, hata hivyo, ilizaliwa mizunguko ya aina nyingine, na chanzo chake hakikuwa huruma kwa mazingira bali gharama na umbali. Kiwanda cha chai kinahitaji nguvu ya aina mbili: umeme wa kuzungushia mashine za kukata na kusaga majani, na joto la kunyaushia na kukaushia. Kericho ya wakati huo haikuwa na gridi ya umeme, na mafuta yaliyosafirishwa kutoka pwani yalikuwa ghali, ilhali mvua ilikuwa nyingi na mito iliyoshuka kutoka msitu wa Mau ilikuwa na maporomoko.

Kampuni zikajenga mitambo midogo ya umeme wa maji. James Finlay ilikuwa nayo tangu mwaka 1934, na Brooke Bond nayo ikafanya hivyo kwenye mito ya mashamba yake. Maji yaliyogeuza mtambo yalirudi mtoni, yakaendelea na safari yake kupitia mito ya Kipsonoi na Yurith hadi Sondu, na huko chini, miongo mingi baadaye, yakazalisha tena umeme katika kituo cha Sondu-Miriu cha megawati 60, kilichoanza kazi mwaka 2008, kisha, kuanzia mwaka 2012, katika kituo cha Sang'oro cha takribani megawati 20, ambacho hutumia maji yaleyale yaliyotoka Sondu-Miriu. Ni vigumu kupata mfano ulio bayana zaidi wa kanuni ya kutumia kitu kimoja mara nyingi bila kukipunguza, na mfano huo huanzia katika mvua ya Mau. Msitu ukikatwa, mzunguko wote hukatika tokea juu, na ndiyo maana kuundwa kwa Nyayo Tea Zones mwaka 1986, mikanda ya chai iliyopandwa kandokando ya misitu ili kuizuia isivamiwe, kulikuwa pia suala la umeme na la maji ya watu wa chini, ingawa mikanda hiyo haikutosha kuzuia uharibifu wa Mau uliofuata.

Kwa upande wa joto, kampuni zilipanda mikaratusi, mti wa asili ya Australia unaokua haraka na unaochipua tena baada ya kukatwa, hata mzizi mmoja ukatoa mavuno kadhaa ya kuni. Msitu wa kuni ukawa sehemu ya shamba la chai, ukikatwa kwa zamu ili boila, yaani tanuri la kuchemshia maji yawe mvuke, lisikose kuni. Mzunguko huo ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa na deni lake, kwa kuwa mkaratusi hunywa maji mengi. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyopandwa kandokando ya vyanzo vya maji nchini iondolewe. Funzo lake ni kwamba kitu kinachoweza kuoteshwa upya si lazima kiwe hakina gharama, kwa sababu mzunguko wa kuni waweza kuukausha mzunguko wa maji.

Mzunguko wa tatu ndio uliokuwa muhimu zaidi kwa udongo. Kichaka cha chai hupogolewa kila baada ya miaka mitatu au minne ili kibaki katika kimo cha mchumaji na kitoe machipukizi mapya, na matawi yanayoangushwa hulala kati ya mistari kama matandazo, yaani kifuniko cha mimea iliyokufa kinachozuia mmomonyoko, kinachohifadhi unyevu na, kikioza, kinachourudishia udongo nitrojeni na potasiamu iliyokuwa ndani yake. Utafiti wa chai uliokita makao yake Kericho tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, na ambao tangu mwaka 1980 uliendelezwa na Wakfu wa Utafiti wa Chai wa Kenya kabla ya kuingizwa katika taasisi ya kitaifa ya utafiti wa kilimo, KALRO, umeshikilia ushauri huo bila kubadilika: kilichopogolewa kibaki shambani.

Mkulima mdogo na deni la udongo

Kwa Wakipsigis wenyewe chai ilikuwa zao la kuchumia wengine hadi Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulipofungua njia ya Waafrika kulima mazao ya biashara kwa wingi. Mwaka 1960 iliundwa mamlaka ya kuendeleza mazao maalumu, ambayo mwaka 1964 ilirithiwa na KTDA, shirika lililowapa wakulima miche, mafunzo, usafiri wa majani na viwanda, na ambalo mwaka 2000 liligeuka kuwa kampuni inayomilikiwa na wakulima kupitia viwanda vyao. Litein, Kapkatet, Mogogosiek na Kapkoros ni majina ya viwanda ambayo kila familia ya Bureti, Konoin au Bomet huyataja inapozungumzia karo ya shule na bonasi, yaani malipo ya pili yanayotolewa mwisho wa mwaka wa chai.

Mkulima huyo alirithi mchai bila kurithi msitu wa kuni wa kampuni wala mtambo wake wa maji. Shamba lake, ambalo limegawanywa kwa wana na wajukuu, linabeba chai, mahindi, ng'ombe mmoja au wawili, majani ya matete ya kumlishia ng'ombe huyo, na nyumba. Kwa hiyo msimu wa kupogoa unapofika, matawi ya chai ambayo mtafiti anataka yabaki shambani ndiyo kuni zilizo karibu zaidi na jiko la mama mwenye nyumba, na hakuna haki katika kumlaumu anayepika kwa kile alicho nacho. Deni lake hulipwa kwa mbolea ya dukani. Mfuko wa kilo 50 wa NPK 26:5:5, mbolea ambayo KTDA imekuwa ikiwaagizia wakulima kutoka nje na kuwakata bei yake katika malipo yao, una nitrojeni kilo 13. Kwa hesabu ya kilo 40 zinazoondoka na kila tani ya chai iliyokaushwa, mkulima anahitaji mifuko mitatu hivi kulipa tu kile kilichosafirishwa, kabla ya kuhesabu kile kilichoingia jikoni au kilichochukuliwa na mvua. Tena mbolea za aina hiyo, zikitiwa mwaka hadi mwaka, huuzidishia udongo asidi hata kupita kiwango anachokipenda mchai wenyewe. Hivyo, ardhi ambayo zamani ilikosewa kwa kuondolewa asidi ndani ya mahame yake leo inakosewa kwa kutiwa asidi isiyo na kadiri.

Hapa ndipo funzo la mahame linaporudi na maana mpya. Majivu ya kuni za chai yana potasiamu na chokaa, na kuyarudisha chini ya mchai kiholela ni kutengeneza hame jipya. Lakini majivu hayohayo yakipelekwa kwenye mgomba, mboga na mahindi, mimea isiyopenda asidi nyingi, huwa dawa. Samadi ya ng'ombe, ambayo mazizi ya kale yaliirundika mahali pamoja, yaweza kwanza kupitishwa katika mtungi wa gesi, yaani tangi lililofungwa ambamo samadi huoza na kutoa gesi ya kupikia, na ndipo ikaenda shambani. Mpango wa kitaifa wa gesi ya samadi ulioanza mwaka 2009 ulisaidia kueneza mitungi ya aina hiyo katika kaya za wafugaji wa Kenya. Gesi inapowaka jikoni, tawi la chai hubaki shambani. Tope linalotoka mtungini huenda kwenye matete. Matete humrudia ng'ombe. Mzunguko mmoja uliofungwa vizuri huufungua mwingine uliokuwa umekwama.

Masalia yanapopata bei

Katika miaka ya karibuni, viwanda navyo vimejifunza kuyatazama masalia kwa jicho jingine. Kuni zilipopanda bei na misitu ilipopungua, viwanda vya KTDA vilianza kuchanganya kuni na briketi, yaani vitofali vya kuwasha vilivyoshindiliwa kwa makapi ya miwa, vumbi la mbao au maganda ya makadamia, masalia ambayo viwanda vingine viliyahesabu kuwa taka. Katika mashamba ya James Finlay, ambako kiwanda cha Saosa hutengeneza kiini cha chai kwa kuyachemsha majani na kuyakamua, makapi yaliyolowa yaliyobaki yalielekezwa katika mtambo wa gesi inayozalisha umeme, na tope lake likawa mbolea. Umiliki wa mashamba hayo umebadilika, kwani biashara ya chai ya James Finlay huko Kericho iliuzwa mwaka 2023 kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka, isipokuwa kiwanda cha Saosa kilichobaki mikononi mwa Finlays, lakini ujuzi wa kuyageuza masalia ni mali ambayo haipaswi kuondoka na mwenye hisa.

Sheria nayo imeifuata njia hiyo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imeweka wajibu wa kutenganisha taka zinazooza na zisizooza, pamoja na kanuni ya kumwajibisha mzalishaji kwa bidhaa yake hata baada ya kuuzwa. Kwa nchi ya chai, kanuni hiyo inagusa mifuko ya nailoni ya vitalu vya miche, magunia ya mbolea, na vifungashio vya chai vinavyouzwa madukani, vitu vidogo kimojakimoja ambavyo kwa wingi wao huziba mifereji ya mashamba yaleyale.

Hata hivyo, mafanikio haya yana mpaka unaopaswa kutajwa waziwazi. Kiwanda kisichotupa kitu chaweza bado kuwa sehemu ya uchumi wa mstari, ikiwa faida ya masalia yake inabaki kiwandani huku shamba la mkulima likiendelea kudhoofika. Umeme wa makapi huzungusha mashine. Haurudishi nitrojeni iliyokwenda Karachi au Cairo. Kwa hiyo kipimo cha haki cha uchumi wa mzunguko katika Kericho na Bomet ni jumla ya mbolea, mboji, matandazo na fedha inayorudi kwa kila tani ya majani inayopita kwenye mzani wa kituo cha kununulia chai.

Wakurugenzi wa viwanda vinavyomilikiwa na wakulima wana uwezo wa kukifanya kipimo hicho kuwa sehemu ya hesabu za kila mwaka, zikisomwa mbele ya wanachama pamoja na bonasi: ni kiasi gani kiliondoka katika udongo wao, na ni kiasi gani kilirudishwa. Lori lililopeleka majani kiwandani halipaswi kurudi tupu kituoni ikiwa kiwandani kuna mboji ya kubeba, na briketi zinapopunguza gharama ya kuni, sehemu ya fedha zilizookolewa yafaa ielekezwe katika mitungi ya gesi ya wakulima ili matawi yabaki shambani. Wakipsigis wa mahame walirudisha kila kitu bila kujua elimu ya udongo. Warithi wao wana elimu hiyo, wana viwanda, na wana sheria. Kilichobaki ni kurudisha, na kurudisha mahali panapostahili.